Kupangiwa na Kujifunga: Maneno Machache Juu ya Ndoa na Kazi

Yapo mambo mawili ambayo watu wengi wa nchi yetu wameyaingia kwa mkono wa mwingine. La kwanza ni ndoa, ambayo kwa wengi wa wazazi wetu, na kwa baadhi yetu pia, ilianza kwa posa iliyopelekwa na wazee. La pili ni kazi ya umma, ambayo mtu huianza kwa barua imwambiayo aripoti mahali ambapo pengine hajapata hata kupasikia. Katika yote mawili anayepelekwa hufika akiwa mgeni, naye hutakiwa aishi pale kana kwamba amepachagua mwenyewe. Katika makala haya twapenda kueleza jinsi moyo wa mtu unavyolizoea jambo la namna hiyo, na jinsi unavyofikia kujifunga nalo kwa hiari, au unavyoshindwa.

Pengine msomaji atauliza jambo hili lina uhusiano gani na utamaduni wa taifa. Mnamo tarehe 10 Desemba 1962, Mwalimu Julius Nyerere, alipolihutubia Bunge akiwa Rais wa kwanza wa Jamhuri ya Tanganyika, alitangaza kuundwa kwa Wizara ya Utamaduni wa Taifa na Vijana, akataka tuyatafute yaliyo mema katika mila za makabila yetu yote. Watu wengi wameichukua kazi hiyo kuwa ni ya ngoma, vinyago na mashairi tu. Sisi tunaotunga mashairi hatuna sababu ya kulalamika. Lakini namna watu wanavyowaunganisha kijana na binti, na namna wanavyomtuma mtu kazi na kumtunza huko aliko, nazo ni mila. Yafaa zipimwe kama mila nyingine, lililo jema lishikwe na lililo baya liachwe.

Sisi tulizaliwa Pangani, katika Mkoa wa Tanga. Tulimaliza kidato cha nne mwaka 1987, na mwaka 1990 tukapata ajira ya ukarani wa masjala. Barua ilituelekeza Mkoa wa Iringa, na kutoka hapo tukapelekwa Ilula. Wakati huo Ilula ilikuwa katika Wilaya ya Iringa Vijijini, kwa maana Wilaya ya Kilolo ilianzishwa baadaye, mwaka 2002. Kwa asiyepafahamu, Ilula ipo kando ya barabara kuu iendayo Zambia, baada ya gari kuupanda mlima wa Kitonga na kabla ya kufika mjini Iringa. Si mbali na hapo ni Lugalo, ambako tarehe 17 Agosti 1891 mashujaa wa Mtwa Mkwawa walilishinda jeshi la Wajerumani lililoongozwa na Emil von Zelewski. Wenyeji ni Wahehe, wakulima wa mahindi, vitunguu na nyanya. Nyanya hizo hupangwa katika matenga kando ya barabara zikingoja magari ya Dar es Salaam. Miezi ya Juni na Julai baridi yake si ya mzaha, na mtu aliyelelewa kwenye joto la pwani hulala na koti lake.

Tulipofika hapakuwa na mtu aliyetutazamia. Ofisi iliyotutuma haikuwa imepeleka habari, nyumba haikuwepo, na mshahara wetu wa kwanza ulichelewa kwa miezi minne. Tulipokewa na mhudumu wa ofisi, mzee aliyekuwa karibu kustaafu, ambaye alitupa chumba kwake na kutufundisha mambo mawili: namna ya kulifuatilia jalada lililopotea, na namna ya kusema "Kamwene" kwa kila tunayekutana naye njiani, mkubwa kwa mdogo, kabla ya neno lolote jingine. Wahenga walisema mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Jembe letu lilikuwa masjala yenye majalada yaliyorundikwa sakafuni tangu miaka ya nyuma.

Miaka mitatu baadaye, yaani 1993, wazee wetu wa Pangani walituandikia kwamba wametuonea mchumba. Tulimkumbuka kwa mbali, kama mtoto aliyekuwa akipita na chombo cha maji kichwani. Mshenga alikuwa rafiki wa marehemu baba yetu. Baadaye mwenzetu huyo alitusimulia jinsi alivyoulizwa. Wanaume hawakumwuliza barazani. Shangazi yake alimwuliza chumbani, wakiwa wawili tu, akaambiwa afikiri kwa siku saba, kisha akaulizwa tena. Mara ya kwanza alinyamaza. Mara ya pili aliuliza swali moja: "Huko Iringa, nikiumwa, nani atajua?" Shangazi hakuwa na jibu, akalipeleka swali lile kwa mshenga. Mshenga alijibu kwamba yeye mwenyewe atajua. Ndipo binti akakubali.

Ahadi ile haikuwa ya maneno matupu. Mwaka ule wa kwanza mshenga alituandikia barua kila baada ya miezi miwili au mitatu, moja kwetu na moja kwa mwenzetu, kila moja katika bahasha yake. Mwaka wa pili alikuja mwenyewe kwa basi, kupitia Chalinze na Morogoro, mtu mzima wa miaka zaidi ya sitini, akakaa kwetu siku nne. Alitazama tunakula nini na tunazungumza vipi. Alimsikiliza mwenzetu peke yake, kisha akatusikiliza sisi. Siku ya kuondoka alituita pamoja, akasema, "Bwana mdogo, mwenzako hapati mtu wa kuzungumza naye kuanzia asubuhi hata jioni. Hilo si kosa lako, lakini ni kazi yako." Kisha akapanda gari.

Kabla hatujaendelea, yafaa tutazame waliyosema wataalamu wa saikolojia. Mwaka 1991 John Meyer na Natalie Allen, wa Kanada, waliandika kwamba mfanyakazi anaweza kujifunga na kazi yake kwa njia tatu. Yupo anayekaa kwa sababu anapenda, yupo anayekaa kwa sababu akiondoka atapata hasara, na yupo anayekaa kwa sababu anaona ni wajibu. Kwa Kiswahili chetu twaweza kusema kwamba kuna kujifunga kwa moyo, kujifunga kwa hesabu, na kujifunga kwa haya. Wao walizungumzia kazi, lakini aliyeishi katika ndoa ya kupangiwa ataitambua hali hiyo mara moja.

Sisi wawili tuliziona hali zote tatu. Mwanzoni ilikuwa hesabu. Sisi hatukuwa na nauli ya kurudi Pangani wala kazi nyingine ya kufanya, na mwenzetu alijua kwamba mahari yameliwa na sherehe imekwisha. Kisha ikaja haya: tuliwafikiria wazee, tukamfikiria yule mhudumu aliyetupa chumba, tukaona aibu kuwavunja moyo. Mapenzi yalikuja mwisho, nayo yalikuja kwa vitendo vidogo ambavyo wakati huo hatukuvihesabu.

Kwa upande wa kazi tunaikumbuka siku alipofika mjane kutoka kijiji cha jirani kuulizia mafao ya marehemu mumewe. Jalada halikuonekana. Tulilitafuta siku tatu katika lile rundo la sakafuni, tukalipata likiwa limefungwa pamoja na majalada ya mambo mengine kabisa. Mama yule hakusema mengi. Alirudi juma lililofuata na debe la mahindi, tukamwambia hatuwezi kulipokea, naye akatutazama kama watu tusio na adabu. Tangu siku ile hatukuiita tena masjala "masjala ya Serikali" tulipozungumza nyumbani. Tuliiita masjala yetu, na mwenzetu alikuwa wa kwanza kuligundua jambo hilo.

Kwa upande wake, baada ya maneno ya mshenga, tulimpeleka kwa mke wa mhudumu, naye akampeleka kwa kina mama wa nyanya. Alianza kwa kulima matuta mawili nyuma ya nyumba. Msimu wa pili aliuza tenga moja, msimu wa tatu matenga tisa. Alijifunza Kihehe kuliko sisi, hata ikawa tukienda msibani sisi hukaa kama wageni na yeye akakaa jikoni kama mwenyeji. Siku moja tulisikia akimwambia mwanamke mwenziwe, "Kwetu hapa mvua imechelewa." Hakuwa akisema habari za Pangani.

Hata hivyo, tusije tukadhaniwa kwamba twasifu kila ndoa iliyopangwa na wazee. Kupangiwa ni kitu kimoja na kulazimishwa ni kitu kingine, na mara nyingi la pili limejificha nyuma ya jina la la kwanza. Sheria ya Ndoa, Namba 5 ya mwaka 1971, yasema kwamba ndoa ni muungano wa hiari, na kwamba hakuna ndoa pasipo ridhaa ya kila mmoja wa wale wawili, itolewayo kwa uhuru. Lakini sheria hiyo hiyo iliruhusu msichana aolewe akiwa na miaka 15, huku mvulana akitakiwa awe na miaka 18. Mwaka 2016 Mahakama Kuu, katika shauri lililofunguliwa na Rebeca Gyumi, iliamua kwamba vifungu vilivyoruhusu jambo hilo vinapingana na Katiba, na mwaka 2019 Mahakama ya Rufani ikaukubali uamuzi huo. Sisi twaona mahakama zilisema jambo ambalo shangazi wa Pangani alilijua bila kusoma sheria. Mtoto hawezi kufikiri kwa siku saba juu ya maisha yake yote. Na asiyeweza kusema hapana, ndiyo yake haina uzito.

Wapo wanaodai kwamba ndoa za kupangiwa hudumu na hunoga kuliko za kuchaguana, nao hutaja utafiti wa Usha Gupta na Pushpa Singh uliofanyika Jaipur, India, na kuchapishwa mwaka 1982. Watafiti hao waliwauliza watu wa ndoa 50, wakaona kwamba mapenzi ya waliochaguana yalipungua miaka ilivyopita, na ya waliopangiwa yaliongezeka. Lakini mwaka 1990 Xu Xiaohe na Martin King Whyte walichapisha matokeo ya utafiti kuhusu wanawake 586 wa mji wa Chengdu, China, wakaona kinyume chake: waliochagua wenyewe waliridhika zaidi, wawe wameolewa karibuni au zamani. Basi hapana sheria moja kwa dunia nzima. Sisi twadhani kwamba swali la nani alichagua halitoshi. Yapo mengine mawili ya kuulizwa. Je, aliyepangiwa aliweza kukataa? Na je, aliyepanga alirudi kuuliza?

Maswali hayo mawili yanatupeleka kwenye kazi ya umma, kwa kuwa nchi yetu imewahi kuyajibu hadharani. Mwezi Oktoba 1966 wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, pamoja na wenzao wa vyuo vingine, waliandamana hadi Ikulu kupinga Jeshi la Kujenga Taifa la lazima. Walitakiwa wakae kambini miezi mitano, kisha wafanye kazi miezi 18 kwa asilimia 40 ya mishahara yao. Mwalimu Nyerere aliwafukuza karibu mia nne wakarudi makwao, na wengi wao walirudishwa masomoni baadaye. Jambo hilo huelezwa mara nyingi kama habari ya wasomi wenye kiburi na Rais mwenye hasira. Sisi huvutwa zaidi na tendo jingine la siku ile ile. Mwalimu aliposikia wanafunzi wakilalamikia mishahara, alitangaza kukata mshahara wake mwenyewe kwa asilimia 20. Kuwafukuza ni jambo ambalo mwenye mamlaka yeyote angeliweza. Kuuweka mzigo ule ule begani mwake ni jambo ambalo mpangaji halifanyi mara nyingi, nalo ndilo humpa haki ya kuwaambia wengine wabebe.

Tangu hapo tumetumikia masjala na ofisi za utumishi kwa zaidi ya miaka thelathini, na barua za uhamisho zimepita mikononi mwetu kwa wingi tusioweza kuukadiria. Sababu inayotajwa mara nyingi kuliko nyingine ni maneno matatu: kumfuata mwenzi wangu. Hapo ndoa na kazi hukutana uso kwa uso. Mwalimu wa kike amepangiwa kijiji cha milimani na mumewe yuko Mwanza. Mganga amepangiwa wilaya ya pili na mkewe ana duka Makambako. Maafisa wengine huzisoma barua hizo kama ushahidi wa uvivu. Sisi twazisoma kama barua za watu waliofungwa vifungo viwili na wapangaji wawili wasiojuana, nao wanauliza ni nani atakayevipatanisha.

Tumeona pia kwamba wale wasioomba kuhama si lazima wawe wamepangiwa mahali pazuri. Mara nyingi ni wale waliopokewa. Yupo mwalimu kijana aliyepelekwa kijiji kisicho na umeme, na mwenyekiti wa kijiji akamtafutia nyumba, akamjulisha kwa watu katika mkutano, na kila mwisho wa mwezi akapita kumwuliza hali. Mwalimu huyo amekaa pale miaka kumi na moja. Na yupo aliyepelekwa mjini, akaonyeshwa meza na kuachwa hapo, akaondoka kabla ya mwaka. Utumishi wa umma una kipindi cha majaribio, kwa kawaida miezi 12, ndipo mtu athibitishwe kazini. Katika kipindi hicho mwajiri humpima mfanyakazi. Ingekuwa vyema kama naye mfanyakazi angeulizwa, mbele ya shahidi, kama mahali alipopelekwa pamempokea. Katika miaka yetu ya Ilula tuliwahi kutunga shairi juu ya habari hii, na ubeti wake mmoja ni huu:

Ukinipa njia yako, nami nipe la kusema,
Usinisukume huko, ukarudi zako nyuma,
Nikifika niendako, uniulize kwa wema,
Hutaona sikitiko, bali kazi ya heshima.

Leo jambo hili limetufikia kwa upande wa pili, maana sisi nasi tumekuwa wazee. Binti yetu wa tatu ni muuguzi, amepangiwa kazi katika Wilaya ya Chunya, Mkoa wa Mbeya. Mwaka jana ilikuja posa kutoka kwa jamaa wa Pangani, watu wema na kijana mwema. Ndugu zetu walitutaka tujibu upesi. Walisema, "Ninyi wenyewe mlipangiwa, na tazameni mlivyo." Mwenzetu alikataa kujibu kwa niaba ya mtoto. Alisafiri mwenyewe hadi Chunya, akakaa naye chumbani kama shangazi yake alivyokaa naye zamani, akampa siku saba.

Siku ya saba binti alitupigia simu. Alisema, "Shikamoo baba. Nina swali moja kabla sijajibu. Nikikataa, mtaniangalia vile vile?" Tulimjibu kwamba tutamwangalia vile vile. Akasema basi anakataa, kwa sasa, kwa sababu ndiyo kwanza ameanza kuzoea wodi yake na hataki kuanza mazoea mawili kwa wakati mmoja. Tuliwarudishia jamaa majibu hayo. Baadhi yao wamenuna hata leo. Lakini sisi, tuliosifiwa kuwa mfano mwema wa ndoa ya kupangiwa, hatukuona njia nyingine ya kuulinda mfano huo. Kama angekubali kwa kutuonea haya sisi, tungempa kifungo ambacho hata mshenga mwema hawezi kukilegeza.

Basi, ndugu msomaji, katika mila ya kupangiana tungependa mambo matatu yashikwe. La kwanza ni swali liulizwalo faraghani, na muda wa kulijibu, na amani kwa atakayekataa. La pili ni mshenga asiyemaliza kazi yake siku ya harusi. Sheria yetu ya 1971 ililiona hilo, ikaweka Mabaraza ya Usuluhishi wa Ndoa, ambako kwa kawaida watu wa ndoa iliyoingia matatizo hupelekwa kwanza kabla ya shauri la talaka. Lakini baraza hungoja nyumba iungue ndipo lije. Mshenga alikuja moshi ukiwa mdogo. La tatu ni kwamba kila ofisi inayompeleka kijana mahali asipopajua, iwe Ilula, Chunya au Pangani, imteulie mtu mmoja wa kumpokea, na mtu huyo atakiwe kutoa habari zake baada ya miezi mitatu, sita na kumi na miwili. Jambo hili halihitaji fedha nyingi. Lahitaji karatasi, na mtu wa kuisoma.

Wahenga wamesema hiari yashinda utumwa. Kwa muda mrefu tulidhani methali hiyo inazungumzia mwanzo wa jambo, yaani kwamba aliyechagua atatenda vizuri kuliko aliyetumwa. Sasa twaona kwamba hiari yaweza kuja hata baada ya kutumwa, mradi mtu apate mlango wa kutokea, mkono wa kumpokea, na mtu wa kumwuliza hali. Mzee aliyetuoza alifariki mwaka 2004. Barua zake tunazo, kumi na saba kwa jumla, na katika kila moja, baada ya salamu, swali la kwanza ni lile lile: je, wewe huko, waonaje?